Jinsi ya kuifuata glukosi mpaka ndani ya seli beta na kujua insulini inatokea wapi, bila kukariri mchoro

Mwambie mtu akueleze sukari inafanyaje mpaka kongosho litoe insulini, wengi watakuchorea mshale mmoja, glukosi juu insulini juu, kwisha habari. Sio uongo. Ila uliza swali la pili tu, kwamba seli inajuaje kuwa glukosi imepanda, uone watu wanavyotazamana. Wapo pia wanaokuja na mchoro wenye mishale kibao, wameukariri vizuri kabisa, afu ukiwauliza nini kitatokea ukiziba sehemu moja katikati wanaanza kubahatisha. Hapa naelekeza namna ya kuifuata njia yenyewe kiasi kwamba hata jina la kitu likikupotea bado unajua kinafanya kazi gani, na kitu cha kushika kuanzia mwanzo ni hiki: seli beta, yaani seli ya kongosho inayotoa insulini, inaijua glukosi kwa kuila. Haisubiri kuipima ikiwa nje, inaiingiza, inaichoma, na kile kinachopatikana baada ya kuichoma ndo taarifa yenyewe.

Kabla ya kwenda popote tenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna glukosi kuingia ndani ya seli. Kuna insulini kumwagwa kwenye damu. Na kuna insulini kutengenezwa. Hivi vya mwisho viwili sio kitu kimoja, insulini inayotoka dakika chache baada ya kula ilishatengenezwa zamani, ilikuwa imekaa kwenye vifuko inasubiri ruhusa. Mtu akikuambia "glukosi inazalisha insulini" muulize kwanza anamaanisha ipi, ya kumwaga au ya kutengeneza, maana majibu yake ni tofauti.

Sasa weka mahali pa tukio. Seli beta zinakaa kwenye visiwa vya Langerhans, vile vikundi vidogo vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Visiwa vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 mpaka 2 tu ya kongosho, sehemu kubwa iliyobaki inahangaika na vimeng'enya vya kusaga chakula. Na uwe na namba mkononi, mtu mzima mwenye afya akiamka hajala kitu sukari yake inakuwa karibu milimoli 5 kwa lita, ukizidisha kwa 18 unapata miligramu 90 kwa desilita. Akila inapanda, afu inarudi. Hiyo safari ya kutoka 5 kwenda 8 au 9 na kurudi ndo seli beta inatakiwa kuiona, sio mabadiliko makubwa sana ukifikiria, kwa hiyo kifaa chake lazima kiwe na ukali hapo hapo.

Hatua inayofuata inaonekana ndogo ila inaokoa watu wengi: futa GLUT4 kichwani, moja ya zile protini za GLUT ambazo ni milango ya glukosi kwenye utando wa seli. Ukishasoma kwamba insulini inafungulia glukosi mlango, akili inaipeleka hiyo habari kila mahali, unajikuta unasema seli beta inahitaji insulini ili iingize glukosi ili itoe insulini, unazunguka duara. GLUT4 ni ya misuli na mafuta. Ile kweli inakaa ndani ya seli mpaka insulini iiite ije juu kwenye utando. Seli beta haitumii utaratibu huo, milango yake iko kwenye utando muda wote, glukosi inapita kwa kufuata tofauti ya kiwango tu, kwenye wingi kwenda kwenye uchache, bila nishati kutumika na bila insulini kuomba. Na ingekuwa tofauti mfumo mzima ungekwama, sababu seli inayotoa taarifa ya sukari haiwezi kusubiri ruhusa ya homoni inayoitoa yenyewe.

Mlango gani sasa? Hapa vitabu vingi vitakuambia GLUT2 na kuendelea mbele. Ni kweli kwa panya. Kwenye seli beta za binadamu GLUT2 ipo lakini kidogo, zilizo nyingi ni GLUT1, na GLUT3 pia ipo. Kwenye mtihani ukiandika GLUT2 huwezi kunyimwa maksi, ila ukitaka kuelewa tofauti ichukulie kwa uzito kidogo, maana zile hoja za zamani kwamba "GLUT2 ndo sensa (kifaa cha kupimia) ya glukosi" zinaanguka hapo. GLUT2 inafika nusu ya kasi yake kwenye glukosi ya milimoli 17 hivi, yaani juu sana, kwa hiyo sukari ikipanda na yenyewe inapitisha zaidi, unaona kwa nini watu waliipenda. GLUT1 inafika nusu ya kasi yake kwenye milimoli chache tu, kwa hiyo kwenye sukari ya kawaida tayari inafanya kazi karibu na uwezo wake. Kama mlango ndo ungekuwa unapima, binadamu wangekuwa na kipimo kibovu. Na hawana.

Kuna jaribio la panya napenda kulitumia hapa kwa sababu linamaliza ubishi. Panya waliotolewa jeni ya GLUT2 wanapata kisukari na kufa wakiwa wadogo. Ukiishia hapo utasema basi GLUT2 ndo kila kitu. Lakini mwaka 2000 ikaonyeshwa kwamba ukiwarudishia mlango kwenye seli beta, hata ukiweka GLUT1 badala ya GLUT2, panya wanapona na insulini inaanza kuitikia glukosi tena kama kawaida. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuwe na njia ya kutosha ya kuingilia, aina ya mlango haibadilishi matokeo. Bila usafirishaji hamna kitu, lakini usafirishaji peke yake haukuambii insulini itoke kiasi gani. Shika yote mawili kwa pamoja, watu huwa wanashika moja.

Fikiria ukumbi wenye milango mipana iliyo wazi na mkata tiketi mmoja mbele ya viti. Watu wanaingia ndani haraka kuliko anavyoweza kuwahudumia, kwa hiyo idadi ya wanaokaa inaamuliwa na yeye, milango haina neno. Mkata tiketi huyo ni kimeng'enya kinaitwa glukokinasi, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kazi ya glukokinasi ni kuibandika glukosi fosfati, ikishabandikwa haiwezi kutoka tena kwa mlango ule, imeshaingia kwenye njia ya kuchomwa. Seli nyingi nyingine mwilini zinafanya kazi hii kwa heksokinasi za kawaida, na hizo zina uchu mkubwa sana, zinajaa kwenye glukosi ndogo kabisa ya chini ya milimoli 1. Sasa fanya hesabu mwenyewe usikubali kuambiwa tu. Chukua heksokinasi yenye nusu ya kasi kwenye milimoli 0.1, ipe glukosi ya 5, itakuwa inafanya kazi asilimia 98 ya uwezo wake. Ipe 10, asilimia 99. Sukari imepanda mara mbili na yenyewe haijashtuka. Haya chukua glukokinasi, nusu ya kasi yake iko kwenye milimoli 8 hivi na mkunjo wake sio wa kawaida, umepinda kama herufi S, kipeo chake, namba inayoonyesha umepinda kiasi gani, kama 1.7. Glukosi ya 2.5 inafanya kazi asilimia 12. Kwenye 5 inafika kama 30. Kwenye 10 inakaribia 60. Umeona? Pale pale ambapo sukari ya damu inacheza ndo kimeng'enya kinabadilika zaidi. Afu kina tabia nyingine, heksokinasi za kawaida zikitoa glukosi yenye fosfati nyingi zinazimwa na hiyo hiyo bidhaa yao, glukokinasi haizimwi, kwa hiyo kinachoingia kwenye njia kinaendelea kufuata sukari ya damu bila kukatishwa. Franz Matschinsky ndo mtu aliyesimamia kwa miaka mingi hoja ya kwamba glukokinasi ni sensa, na ukiifanya hesabu hiyo mara moja kwa mkono wako hutahitaji mtu akushawishi.

Kuanzia hapo glukosi inavunjwa mpaka piruvati, piruvati inaingia mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, ATP inatengenezwa, yaani nishati inayotumiwa na seli. Hii sehemu huna haja ya kuandika kila hatua, sema tu glukosi zaidi inayobandikwa fosfati ni ATP zaidi na ADP (ATP iliyokwisha kutumika) pungufu. Kuna jambo moja tu hapa la kulitazama kwa karibu. Seli beta ina kimeng'enya kidogo sana cha kugeuza piruvati kuwa laktati, na mlango wa kupitisha laktati na piruvati kutoka nje karibu haupo. Kwa nini? Fikiria mtu anakimbia, misuli inamwaga laktati kwenye damu, ingekuwa seli beta inaweza kuichota na kuichoma ingetoa insulini katikati ya mbio, sukari ianguke wakati anaihitaji. Na kuna watu wachache wenye hitilafu ya jeni inayofanya mlango huo uwepo kwenye seli beta, wakifanya mazoezi mazito insulini inatoka na sukari inashuka kweli. Kwa hiyo seli haichagui tu kipi kiingie, imechagua pia kipi kisiingie.

Hatua ya umeme ndo inayotisha watu bure. Kwenye utando wa seli beta kuna chaneli ya potasiamu inayoitwa KATP, imejengwa na vipande vinne vya Kir6.2 katikati na vinne vya SUR1 pembeni. Sukari ikiwa chini chaneli iko wazi, potasiamu inavuja kwenda nje, ndani kunabaki hasi, kama milivolti hasi 70, seli imetulia. ATP ikipanda na ADP ikishuka chaneli inafunga. Potasiamu haitoki, uhasi unapungua, ukifika kiwango fulani chaneli za kalsiamu zinazosikiliza volti zinafunguka, kalsiamu inaingia kwa kasi, vifuko vya insulini vinaungana na utando na kumwaga kilichomo. Uhusiano huu wa glukosi kufunga chaneli ya potasiamu ulionyeshwa mwaka 1984 na Frances Ashcroft na wenzake, kabla ya hapo kipande cha katikati kilikuwa kinakosekana. Ukitaka kukumbuka bila kukariri jiulize tu swali moja, potasiamu imefungiwa au haijafungiwa? Yote ya mbele yanafuata.

Insulini inatoka kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la haraka na linaisha ndani ya dakika kama 10, ni vile vifuko vilivyokuwa vimeshapangwa kwenye utando. La pili ni la polepole na linaendelea muda wote sukari ikiwa juu. Seli beta moja ina vifuko karibu 10,000, inayomwagwa kwa mlo mmoja ni sehemu ndogo tu. Kwenye kisukari cha aina ya 2 lile wimbi la kwanza ndo huwa linapotea mapema.

Haya, kutengeneza. Nimeiacha mpaka hapa makusudi kwa sababu ukiileta mapema inavuruga. Glukosi ile ile iliyochomwa inafanya pia kazi ya kuagiza mzigo mpya. Ndani ya muda mfupi, chini ya saa moja, seli inaongeza kasi ya kusoma ujumbe wa insulini uliokwisha kuandikwa, yaani haisubiri jeni, inatumia nakala zilizopo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu zaidi ndo na jeni yenyewe inasomwa zaidi, kwa msaada wa protini kama PDX1 na MAFA. Kinachozaliwa kwanza ni mnyororo wa amino asidi 110, unakatwa kichwa unabaki proinsulini yenye 86, ambayo Donald Steiner aliitangaza mwaka 1967, na hiyo ikikunjwa na kukatwa katikati unapata insulini yenye 51 pamoja na kipande cha 31 kinachoitwa C-peptidi. Vyote viwili vinafungwa kwenye kifuko kimoja, insulini ikiwa imeshikana na zinki. Kitu kizuri hapa ni kwamba kizingiti cha kutengeneza kiko chini kuliko cha kumwaga, glukosi ya milimoli 2 mpaka 4 inatosha kuamsha utengenezaji wakati kumwaga kunataka karibu 5. Kwa hiyo hata kipindi ambacho haimwagi sana seli inaweza kuwa inajaza stoo.

Sasa jipime, na hapa ndo utajua kama umeelewa au umekariri. Njia nzuri ni kuchukua kemikali moja moja na kuuliza inagusa wapi.

Kuna aina ya glukosi iliyobadilishwa kidogo, 3-O-methili-glukosi, inapita mlangoni vizuri ila glukokinasi haiwezi kuibandika fosfati. Seli imejaa sukari hiyo, insulini haitoki. Hapo peke yake umethibitisha kwamba kuingia sio taarifa. Manoheptulosi, sukari inayopatikana kwenye parachichi, inaizuia glukokinasi, na kumwagwa kwa insulini kunazimika hata glukosi ikiwa tele nje. Gliseraldehidi inaingia kwenye njia baada ya glukokinasi, insulini inatoka. Ukiziweka hizi tatu pamoja jibu la nani anapima linajionyesha.

Nenda chini zaidi. Weka potasiamu nyingi nje ya seli kwenye sahani ya maabara, utando unapoteza uhasi wake wenyewe, kalsiamu inaingia, insulini inatoka hata kama hamna glukosi ya maana. Diazoksidi inaishikilia KATP iwe wazi, glukosi ipande itakavyo, hamna kitu, na ndo maana inatumika kwa wagonjwa wanaotoa insulini kupita kiasi. Sulfonilurea, kundi la dawa za kisukari kama glibenklamidi, inaifunga KATP moja kwa moja kupitia SUR1. Hapo simama kidogo ufikirie, dawa inafunga chaneli bila kuuliza sukari iko ngapi, kwa hiyo mgonjwa akiimeza asile, insulini itatoka tu na sukari itaanguka. Hatari ya dawa umeipata kwenye mchoro bila kusoma karatasi yake. Linganisha na GLP-1, homoni ya utumbo, na dawa zinazoiiga, hizi zinaongeza nguvu ya kumwaga pale ambapo glukosi imeshaanza kazi, sukari ikiwa chini hazina cha kuongezea, na zikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu sukari. Hiyo pia ndo sababu mojawapo glukosi ya kunywa inaleta insulini nyingi kuliko ile ile ikipitishwa kwenye mshipa. (Kama wewe mwenyewe unatumia dawa hizi usibadilishe dozi kwa sababu ya maelezo haya, ongea na anayekutibu.)

Kuna mtego mmoja wa wanaojiona wameshamaliza. Ukiishikilia KATP wazi kwa diazoksidi na ukaondoa uhasi kwa potasiamu nyingi, kalsiamu inaingia na insulini inatoka, sawa, hapo glukosi haitakiwi kuwa na la kufanya. Ongeza glukosi. Insulini inaongezeka tena. Maana yake kuna njia ya pili, ya kukuza, ambayo haipiti kwenye kufunga ile chaneli, inatokana na kuchomwa kwa glukosi vilevile. Kwa hiyo usiandike kwamba KATP ndo njia pekee, andika kwamba ndo inayowasha, na nyingine inakuza.

Magonjwa yapime kwa mtindo huo huo. Mtu ana nakala moja mbovu ya jeni ya glukokinasi. Usikimbilie kusema hana insulini. Kimeng'enya kimepungua nguvu, kwa hiyo kinahitaji glukosi ya juu kidogo ndo kifikie kasi ile ile, maana yake kizingiti kimesogea. Mtu huyo anaishi na sukari ya asubuhi kwenye 5.5 mpaka 8 tangu kuzaliwa, haipandi ovyo, na kwa kawaida hahitaji dawa. Hitilafu ikiwa ya upande wa pili, kimeng'enya kina nguvu kupita kiasi, kizingiti kinashuka na mtoto anapata sukari ya chini mara kwa mara. Mtoto mchanga mwenye Kir6.2 isiyofunga? Glukosi inaingia, inabandikwa, inachomwa, ATP ipo, kila kitu kizima mpaka kwenye chaneli, insulini imejaa ndani na haitoki. Ukishafika hapo tiba unaitabiri, unahitaji kitu cha kuifunga chaneli hiyo kwa nguvu, na kweli kuanzia miaka ya 2000 watoto wengi wa namna hii wamehamishwa kutoka sindano za insulini kwenda vidonge vya sulfonilurea.

Swali la mwisho la kujipima, na hili linakuja sana. Mtu ameletwa sukari iko chini na insulini kwenye damu iko juu, imetoka wapi? Rudi kwenye kifuko. Insulini ya seli beta inatoka na C-peptidi kwa idadi sawa, ya sindano haina C-peptidi. Kwa hiyo C-peptidi ikiwa chini insulini imetoka nje ya mwili, na ikiwa juu imetoka kwenye seli beta zake mwenyewe, na hapo kabla hujatafuta uvimbe wa kongosho unapima sulfonilurea kwenye damu au mkojo, kwa sababu C-peptidi haiwezi kukuambia chaneli imefungwa na nani.